Kibati Kilichoandikwa Saa

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, muuguzi aliniuliza jina la rafiki yangu. Nikamjibu, "Saa." Akatazama ukutani, akaniambia, "Ni saa tisa na nusu. Mimi nimeuliza jina."

Cheka tu, usijizuie. Hata mimi siku hizi hucheka. Siku ile sikucheka.

Ngoja nikueleze polepole, maana nimesikia wewe na wenzako mmeanzisha timu. Mmeshona jezi, mmepata uwanja, mmepiga picha mkiwa mmekunja mikono kifuani, na sasa mnaona kila kitu kiko sawa. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo.

Lakini kwanza ujue anayekuandikia ni nani. Ukitembea Nakuru, kuanzia Kaptembwo mpaka Bondeni, ukaona geti la chuma lenye simba wawili wanaotazamana, hilo nimelitengeneza mimi. Ukiona simba watatu, kuna mtu ameniiga, na ameniiga vibaya. Shule niliiacha darasa la nne. Leo watu wenye digrii wanasimama kwangu juani wakiuliza mlango wao utakuwa tayari lini, na mimi nawaambia Alhamisi, na Alhamisi unakuwa tayari. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nilianza na nyundo ya kuazima na nikamrudishia mwenyewe ikiwa na mpini mpya. Kwa hivyo nikikuambia nilikosea, ujue nimetafuta sana kabla ya kulipata kosa lenyewe.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, kapteni wa timu yetu ya Kaptembwo. Nilicheza mbele, tisa mgongoni. Uwanjani niliitwa Bosi. Jina hilo nilijipa mwenyewe. Wengine wote niliwapa mimi. Beki wetu alikuwa Kifaru, kwa sababu aliona mpira na mtu kama kitu kimoja. Kiungo alikuwa Sukari, mtu wa vijiko sita kwa kikombe. Kipa alikuwa Kuku, kwa sababu aliruka vizuri lakini kutua kulimshinda. Na winga wetu, kijana mrefu mwembamba kutoka Bondeni, alikuwa Saa. Alikuwa na kimeza chake sokoni, akitengeneza saa za watu. Kutwa nzima mikono yake iko ndani ya saa, na hakuna siku hata moja alifika mazoezini kwa wakati.

Jina la nyumbani, mwanangu, kwetu lilikuwa aibu. Mtu akiitwa jina lake lote uwanjani, ilikuwa kama mama yake amekuja kumletea sweta. Tulicheza na Saa miaka miwili, tukala naye, tukambeba mabegani alipofunga, na hakuna aliyewahi kumuuliza wanamwitaje kwao.

Mlezi wetu alikuwa Mzee Kirui. Alikuwa amestaafu kutoka Olkaria, kwenye mitambo ya umeme wa mvuke. Mtu wa sauti ya chini. Akiongea, mlisogea. Jioni moja kabla ya mazoezi alikuja amebeba ubao begani, umepigwa misumari thelathini kwa mistari mitatu. Akautundika kwenye nguzo ya tangi la maji, akapangusa mikono.

"Kule tulikuwa tukifanya kazi," akasema, "hakuna mtu anaingia kwa mvuke kabla hajatundika jina lake. Kukitokea shida, king'ora kinalia, kila mtu anakimbia kwa ubao anachukua kibati chake. Kile kitabaki kwa msumari, huyo ndiye tunamtafuta. Hakuna kuulizana nani amemwona nani. Ubao unasema."

"Sasa mzee," Kifaru akauliza, "hapa ni mpira. Mvuke uko wapi?"

"Uko kwa viatu vya Kuku," akasema Sukari.

Tulicheka mpaka Kuku akavua kiatu akamrushia. Mzee Kirui naye akacheka. Halafu akangoja tumalize, kwa sababu alikuwa na subira mbaya sana, ile inayokufanya ujisikie mjinga kabla hajasema neno.

"Ukuta ukianguka, mtanicheka? Mtu akizirai? Mvua ikija na mafuriko na kuna watoto huku?" Akanigeukia. "Hezekia. Wewe ndiye fundi wa mabati."

Yeye peke yake katika dunia ya mpira aliniita Hezekia.

"Nitengenezee vibati. Mbele, andika jina la mtu, lile alipewa na mama yake. Nyuma, andika mtu wa kuitwa na mahali anapatikana. Na kama ana ugonjwa, ama kuna dawa inamdhuru, andika. Hiyo iwe nyuma, asione haya. Muulize kila mmoja pembeni. Umenielewa?"

"Mzee," nikasema, "hiyo ni kazi ya asubuhi moja."

Na kweli, vibati vilikuwa vizuri. Nilivikata kutoka kwa vifuniko vya mikebe ya mafuta ya kupikia, nikavisugua makali mpaka vikalainika, nikavitoboa tundu. Herufi nilizipiga kwa msumari na nyundo, nukta kwa nukta. KUKU. KIFARU. SUKARI. SAA. Changu nilikikata kikubwa kidogo kuliko vya wengine: BOSI. Nyuma sikuandika kitu. Kwa nini, nitakuambia, lakini si sasa. Hata mimi ilinichukua muda kusema.

Macho ya Mzee Kirui ya karibu yalikuwa yamechoka. Alivipapasa vibati kwa kidole.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mzee."

"Na nyuma?"

"Na nyuma."

Hapo ndipo kosa lilipo, mwanangu. Hayo maneno mawili.

Sasa ikaja ile Jumamosi. Mzee Kirui alikuwa amekwenda Olkaria kuwaona wenzake wa zamani. Aliniambia, "Leo uwanja ni wako." Nikatembea siku hiyo kama nimeununua. Wageni wetu walitoka Kabazi, vijana wa shambani wenye miguu kama mihimili, wamepanda lori lililoleta kabeji sokoni. Mzigo haukuwa umeshushwa wote, kwa hivyo walikuja wamekalia kabeji.

Lori lilisimama nje. Halikuweza kuingia, kwa sababu geti la uwanja nilikuwa nimelitengeneza mimi, na nilikuwa nimeliwekea maua mengi sana ya chuma mpaka nafasi ya gari ikaisha. Watu wa kanisa la jirani walikuwa wakija kulitazama tu. Hakuna aliyeniuliza gari litapita wapi, na mimi sikujiuliza.

Kipindi cha pili, Kabazi wakiongoza moja bila, tukapata kona. Saa akaruka. Kipa wao naye akaruka. Saa akagonga kichwa kwenye chuma cha goli, na alipoteleza chini, kipande cha chuma chakavu kikampasua muundi wa mguu. Alilala pale macho wazi, damu imejaa soksi. Nikainama.

"Saa! Saa, unanisikia?"

"Mama," akasema, "funga duka, mvua inakuja."

Jua lilikuwa likiwaka kweli kweli.

Mwanangu, ungeona. Ghafla kila mtu alikuwa daktari. Mmoja anamwagia maji. Mwingine amevua kiatu anataka Saa akinuse. Huyu anasema mwacheni alale, yule anasema akilala amekwenda. Mimi kapteni nilikuwa nikipiga kelele kuliko wote, na ukiniuliza leo nilikuwa nikisema nini, sijui. Nafikiri nilikuwa nikisema, "Tulieni!" Hatimaye dereva wa Kabazi, mwanamume mfupi mwenye kofia ya mvua, akanivuta shati.

"Bosi, lori langu liko nje. Lakini hili geti lako la harusi halinipitishi. Mleteni."

Tukambeba wanne, mkono mkono, mguu mguu, kila mmoja akivuta upande wake. Ile haikuwa kubeba mtu. Tukamlaza juu ya kabeji, tukapanda, na mimi nilikuwa nimeshachomoa kibati chake ubaoni na kukitia mfukoni. Nilijiona nimekumbuka kitu cha maana.

Ndipo tukafika zahanati, na ndipo muuguzi, dada mmoja mwenye sauti ya mwalimu, akaniuliza jina, na ndipo nikamwambia Saa.

"Jina la kwao," akasema.

Nikatazama nyuma. Wachezaji tisa walikuwa wanachunguza viatu vyao.

"Baba yake anaitwa nani?"

Kifaru akamtazama Kuku, Kuku akamtazama Sukari.

"Mnacheza na mtu na hamjui jina lake?"

Hapo nikakumbuka kibati. Nikakitoa mfukoni kama askari anayetoa kitambulisho, nikamwekea mezani. Akakisoma. SAA. Akakigeuza nyuma. Akakigeuza tena mbele. Akakigeuza tena nyuma, labda aliona ni macho yake.

"Hii ni ya nini?"

"Ni ya wakati wa shida," nikasema.

Sikuwahi kusema maneno yaliyonichoma kama hayo.

Alianza kumsafisha Saa, akitoa jani la kabeji kwenye nywele zake. Aliongea bila kunitazama. "Kidonda kina kutu na mchanga. Daktari yuko ndani na mama anayejifungua. Akitoka atataka huyu adungwe sindano ya kuzuia kuoza. Ni dawa nzuri, inasaidia wengi. Lakini kuna mmoja mmoja ikimwingia, inamuua. Huyu ni yupi?"

"Saa ni mzima kama ng'ombe," nikasema. "Namjua."

"Unamjua?"

Nikakitazama kile kibati mezani.

"Basi kimbia," akasema. "Niletee mtu anayemjua kweli. Sitaweza kungoja mpaka jioni, kidonda hiki kibaya."

Nikatoka mbio. Siku hizo boda boda zilikuwa baiskeli, na simu za mkononi zilikuwa za wenye nazo. Nikaruka nyuma ya baiskeli, nikamwambia kijana, "Sokoni, kanyaga!" Kimeza cha Saa kilikuwa kimefunikwa turubai. Karibu yake alikuwa mathe mmoja muuza viazi vitamu.

"Mathe, kwao Saa ni wapi?"

"Saa gani?"

"Saa! Huyu wa hapa! Fundi wa saa!"

"Aa. Unasema Abdulrahman."

"Nani?"

"Abdulrahman. Mtoto wa Mama Zuhura. Bondeni, nyuma ya msikiti, mlango wa kijani." Akanikagua kutoka viatu mpaka kichwa. "Si wewe ndiye ule unajiita bosi wake?"

Njia yote mpaka Bondeni nilikuwa nikilirudia jina hilo kama mtoto aliyetumwa dukani. Abdulrahman. Abdulrahman. Nikaukuta mlango wa kijani, na mama amekaa kibarazani anakaanga viazi vya karai, buibui limefungwa kiunoni. Na mdomo wangu, kwa mazoea yake ya miaka miwili, ukanisaliti.

"Mama, Saa..."

"Alasiri inakaribia, mwanangu," akasema bila kuinua macho. "Hawajaadhini bado."

"Mama, Abdulrahman ameumia. Yuko zahanati."

Mwiko ukaanguka ndani ya mafuta. Hakuniuliza ameumia wapi. Hakuniuliza ni nani amemwumiza. Aliniuliza swali moja tu.

"Wamemdunga?"

Nikageuka kuangalia kama baiskeli bado ipo.

"Nakuuliza, wamemdunga sindano? Alidungwa akiwa mdogo, uso ukavimba, koo likaziba, tulimwona anakwenda! Daktari aliniambia asidungwe tena maishani!"

Alikaa nyuma ya ile baiskeli kabla sijamaliza kumwelekeza kijana. Mimi nikabaki kukimbia. Nilikuwa mshambuliaji, mwanangu, nilikuwa na mbio, waulize mabeki wote wa Rongai mpaka Subukia. Siku hiyo mama mwenye umri wa kunizaa aliniacha nyuma na vumbi lake. Nikiwa bado nje ya ua wa zahanati nilisikia sauti yake ndani:

"Msimdunge! Msimdunge mwanangu!"

Nilipoingia, muuguzi alikuwa amesimama na sinia mkononi. Sindano ilikuwa juu yake, imeshajazwa. Daktari alikuwa amevaa glavu. Yule dada akaiweka sinia chini taratibu, akachukua kalamu nyekundu, akamwambia mama, "Sema tena, polepole, niandike."

Alitibiwa kwa dawa nyingine. Alishonwa. Jua lilikuwa bado liko juu alipofumbua macho yenye akili, akatutazama mmoja mmoja, akauliza, "Tulirudisha?"

"Hapana," Sukari akasema. "Moja bila. Kabazi."

"Basi nirudisheni nilale."

Na mama yake ndiye aliyecheka kwanza, na ndiye aliyelia kwanza.

Kesho yake, baada ya kanisa, Mzee Kirui alinikuta uwanjani nimekaa chini ya tangi. Alikuwa ameshaambiwa. Alikaa kando yangu. Hakunigombeza. Ningefurahi angenigombeza, maana hapo ningejitetea, na kujitetea nilikuwa najua sana. Akatoa miwani mfukoni, alikuwa amepata miwani, akaivaa, akainuka, akaanza kuvisoma vibati tulivyoviacha ubaoni, kimoja kimoja, mbele na nyuma. Thelathini kasoro kimoja. Nilimsubiri kama mtu anayesubiri kunyolewa bila maji.

"Hezekia, uliniambia umemaliza."

"Ndiyo, mzee."

"Kwa nini hukuandika?"

Sasa nakuambia lile nililolificha, mwanangu. Nilijua kuandika KUKU. Nilijua SAA, BOSI, na SUKARI nililikopi kwa pakiti. Lakini jina kama Kiprotich ningeliandikaje? Abdulrahman ningelianzia wapi? Watu waliona ni mzaha wangu kuwapa vijana majina mafupi ya kuchekesha. Wewe sasa unajua. Niliwapa majina ninayoweza kuyaandika. Na nyuma ya kibati, kwenye mambo ya dawa na magonjwa, hapo hata sikujaribu, na niliona heri niseme nimemaliza kuliko niseme sijui. Mimi, Bosi, mbele ya vijana wangu.

Nikamwambia yote hayo, macho yakiwa chini.

Mzee Kirui alivua miwani, akaifuta kwa shati, akakaa tena.

"Darasa la nne si kitu cha kuficha," akasema. "Ungeniambia, mimi ningeandika na wewe ungepiga nyundo. Ni jioni mbili za kazi. Lakini wewe uliniambia umemaliza, na mimi nikaenda Olkaria nikalala usingizi. Sikia. Mtu akiniambia bado, nitamsaidia. Mtu akiniambia tayari na kumbe bado, huyo ananiondoa mlangoni na mlango uko wazi." Akanigusa goti. "Leta nyundo."

Akaokota kipande cha chokaa, akaandika kwenye sakafu iliyo chini ya tangi, herufi kubwa kubwa, na mimi nikazifuata kwa msumari kwenye kibati kipya. A. B. D. Herufi kumi na moja. Abdulrahman ndilo neno refu la kwanza nililoandika maishani, na kila nukta ilikuwa ikinipiga mimi. Tulivimaliza vyote kwa jioni mbili, kama alivyosema. Nilimuuliza kila mmoja pembeni. Utashangaa. Kifaru, yule jitu, alikuwa na kifafa na alikuwa anaogopa tumjue. Sukari alikuwa na pumu. Kuku hakuwa na ugonjwa ila alitaka niandike kwamba akipoteza fahamu asinuse kiatu cha mtu. Niliandika.

Halafu nikalikata geti langu. Maua yote. Roho iliniuma, lakini lori la Kabazi liliporudi mara nyingine liliingia mpaka katikati, na dereva akapiga honi tatu kuniheshimu.

Na hapo ningeweza kumalizia, maana nimeonekana mtu mzuri. Lakini ukweli haujaisha, kwa hivyo sikia na hili.

Siku hizi mimi ndiye mlezi wa timu. Mzee Kirui alitangulia, Mungu amlaze pema. Tuna timu ya wavulana na ya wasichana, na ubao umekuwa na misumari mia moja. Miaka si mingi iliyopita tulikuwa na mashindano ya watoto mchana kweupe, ukaja upepo. Wewe wa Nakuru unaujua, ule unaokuja na vumbi jeupe kutoka upande wa ziwa, halafu mvua nyuma yake. Ukang'oa paa la vyumba vya kubadilishia nguo, mabati yakaruka kama magazeti. Kapteni wa wasichana, Chebet, msichana mwenye sauti ndogo usiyoitarajia kitu, akapuliza filimbi mara tatu. Mtoto kwa mtoto wakakimbia kwenye tangi, kila mmoja akachukua kibati chake, wakaketi kwa mistari, kama tulivyofanya mazoezi nao mara nyingi wakicheka. Aliongea mmoja tu. Wengine walinyamaza. Geti lilikuwa wazi, gari lilikuwa limeelekea barabarani. Nimeambiwa yote haya, maana mimi mwenyewe sikuyaona.

Kibati kimoja kilikuwa kimebaki kwenye msumari.

Chebet akakisoma kwa sauti. "Hezekia. Hezekia ni nani?"

Watoto wakatazamana. Wao wananijua kwa Bosi, au Mzee wa Mageti. Ila mtu mmoja pale alikuwa akinijua. Mtunza hazina wetu, mwanamume mrefu mwenye kovu la muundi, aliangua kicheko kisha akaacha ghafla.

"Hezekia ni Bosi!" akasema Abdulrahman. "Bosi yuko wapi?"

Bosi, mwanangu, alikuwa chooni. Paa la vyumba lilikuwa limeangukia mlango wa choo, na mlango huo niliutengeneza mimi, wa chuma kizito, wenye komeo la ndani la aina yangu mwenyewe ambalo najivunia kwamba halivunjiki. Halikuvunjika, na kwa uzito ule halikufunguka. Nilikuwa nimepiga kelele mpaka koo likakauka, lakini mvua juu ya bati ilinimeza. Maji yalikuwa yamefika vifundoni, na yalikuwa yanapanda. Nilianza kuwaza mambo yangu.

Halafu nikasikia, kwa mara ya kwanza tangu Mzee Kirui, watu wengi wakiniita jina langu. Sauti za watoto, za wasichana, za wanaume. "Hezekia! Mzee Hezekia!" Walikuwa wakienda kila kona, wakiita. Kama kibati kingesema BOSI, wangeweza kudhani ni cha mzaha, kimeachwa hapo tangu zamani. Nikaugonga mlango wangu kwa kiatu.

"Niko huku!"

Waliinua paa watu wanane. Walinitoa nimelowa mpaka nyusi. Abdulrahman akanipa mkono, akaangalia saa yake, maana mpaka leo anazitengeneza, akasema mbele ya watoto wote:

"Umechelewa, kapteni."

Sasa nasaha, mwanangu, nisije nikakuacha na vicheko tu. Timu ni watu kabla ya kuwa jezi. Siku ya kwanza ya kila msimu, kabla ya kugusa mpira, kaa na kila mmoja pembeni umuulize jina la kwao, mtu wake, na mwili wake. Usimcheke na usimtangaze, andika nyuma. Msimu ukiisha anza upya, maana watu huhama na magonjwa huja. Geti lipitishe gari, na lifunguliwe kabla mchezo haujaanza, na ijulikane gari la siku hiyo ni la nani. Chagueni mmoja wa kuongea siku ya shida, na mmoja wa pili kama wa kwanza hayupo, wengine wafunge midomo na kufanya kazi, mikono yao ielekezwe. Yafanyieni mazoezi kama mnavyofanyia kona, na mkicheka mnapofanya, vizuri, watoto hukumbuka walichochekea. Mtu akishaumia, msiishie kumpeleka. Mwendeeni kwao, mle kwa mama yake, mjue mlango wake una rangi gani. Na wewe uliyepewa uongozi, kama kuna kitu hujui, hata kama ni kuandika, sema bado. Sema bado mbele ya watu. Na kibati chako mwenyewe ukitengeneze cha kwanza, saizi moja na vya wengine.

Mungu akupe timu yenye mbio na magoti yasiyouma. Akupe wazee watakaokuita kwa jina lako. Uwanja wenu ulale salama, na kila jioni mkimaliza kucheza, akujalie uukute ubao wote mtupu, misumari mitupu, kila mtu amechukua kibati chake na ameenda nyumbani kwa mama yake.